Nje ya Michongoma

Wivu wa Telesia haukuwa wa kawaida. Wanawake wengine pale misheni walioneana wivu kwa kitenge kipya, kwa ng'ombe wa maziwa, kwa mume asiyegusa pombe ya ulanzi. Yeye aliona wivu kwa makaburi. Kila tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, akina mama walipoingia makaburini na majembe na maua kusafisha vilima vidogo vya watoto wao, Telesia alisimama langoni akiwatazama kwa jicho la kunyausha maua yale. Alikijua kila kilima. Alijua jina la kila mtoto aliyelala pale, kwa sababu wengi wao ni yeye aliyewapa hayo majina.

Alikuwa mkunga wa zahanati ya misheni, kusini ya mji wa Njombe, kando ya barabara iendayo Mlangali. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Mfuko wa kulia wa aproni yake ulikuwa umetuna siku zote, na ndani yake mlikuwa na chupa ndogo ya kahawia iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, imejaa maji. Kila asubuhi, kabla hajawasha jiko la kuchemshia vyombo, alimwaga maji ya jana, akaisuuza, akaijaza upya. Kanisa Katoliki linamruhusu mtu yeyote kubatiza penye hatari ya kifo. Basi mtoto akizaliwa akiwa na dalili za kutofika jioni, Telesia hakumngoja padre. Alichomoa chupa, akammwagia maji kichwani mara tatu, akasema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kisha akaenda kwa paroko kumwandikisha, na mtoto akazikwa ndani ya ua wa michongoma, kwa kengele na wimbo.

Kwa miaka ishirini alikuwa amebatiza hivyo watoto mia moja na kumi na wanne. Mama akikosa nguvu ya kutaja jina, Telesia alichagua mwenyewe: Pius, Agata, Lusia, Benedikto. Jina moja tu hakumpa mtoto yeyote, hata siku majina yalipomwishia. Hilo lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alizaliwa Juni ya mwaka wa sabini. Telesia alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mke mpya wa Marcelino, fundi seremala, na ilikuwa ile baridi ya Juni inayogandisha umande kwenye majani ya viazi. Uchungu ulimshika nyumbani alfajiri. Mama mkwe wake, Dorosela, aliwahi kuzalisha wanawake wengi na hakuwa na papara. Alichokosea ni kimoja. Aliona mtoto wa baridi ile atahitaji kuoshwa kwa maji ya moto, tena mengi, akabandika motoni maji yote yaliyokuwamo ndani ya nyumba. Kisima kilikuwa bondeni.

Mtoto alikuwa wa kiume, ametimia kila kitu, na alilia mara moja tu. Kisha midomo ikaanza kuwa ya buluu. Dorosela alikuwa Mkristo wa siku nyingi na alijua linalotakiwa. Akachota kata ya maji. Yalikuwa yanatokota. Nani anammwagia mtoto mchanga maji yanayotokota? Marcelino akanyakua ndoo akakimbilia bondeni. Dorosela akaanza kupuliza ile kata. Alipuliza, akamimina bakulini, akarudisha kwenye kata, akapuliza tena, machozi yakimtoka na kuangukia humo humo, huku akisema, "Yapoe, Baba, yapoe." Alipochovya kidole na kuona yanavumilika, mtoto alikuwa ameacha kupumua.

"Hatukuwahi," alisema Dorosela.

Paroko wa wakati ule alikuwa Mzungu mzee mwenye ndevu, mtu mpole, na siku ile alilia pamoja nao. Lakini alisema aliyofundishwa. Mtoto huyu hachomwi, alisema, kwa kuwa hana dhambi aliyoitenda. Haumii. Ila mlango wa mbinguni ni ubatizo, na yeye hakuupita. Kwa hiyo anakaa pembeni, na Mungu hamwoni.

"Pembeni mwa nini, Baba?" aliuliza Telesia.

Mzee yule alitazama chini. "Pembeni mwa jehanamu, mama. Lakini haumii."

Wakamzika nje ya michongoma, upande waliolazwa watu waliojinyonga na wapita njia wasiojulikana dini zao. Kengele haikulia. Jina halikuulizwa, maana lingeandikwa wapi?

Baadaye Telesia alipokwenda kujifunza ukunga, sista aliyemfundisha alimwambia kuwa hata umande wa majani, mradi uchuruzike kichwani, ungetosha. Umande! Ulikuwa umejaa uani asubuhi ile, hatua tatu kutoka mlangoni. Telesia aliomba ruhusa, akatoka nje ya darasa, akatapika.

Mtu mwingine angeacha kuamini. Yeye aliamini kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na matatizo yake. Kama mbingu isingekuwapo, angewaonea wivu wa nini wenye mbingu? Aliamini kwamba wale watoto mia moja na kumi na wanne walikuwa wanautazama uso wa Mungu, wamepelekwa huko kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba wa kwake alikaa pembeni peke yake, hajui mama wala Mungu. Kila alipommwagia mtoto wa mwenzake maji, moyo wake ulisema: nenda basi, na wewe nenda. Akina mama walililiana, wakashikana mikono, wakaambiana, "Utamwona mwanao, dada. Utamwona." Yeye hakuna aliyemwambia hivyo. Aliwahi kumwonea wivu hata Bikira Maria, Mungu amsamehe. Kwamba yeye mwanawe aliuawa kweli, lakini angalau alijua alikokwenda.

Na kanisani, mahubiri ya wema wa Mungu yalimpalia kooni. Mungu mwema. Aliyepasua Bahari ya Shamu ikasimama kuta mbili, akashindwa kupoza kata moja ya maji?

Hakupata mimba nyingine. Marcelino hakumlaumu, alizidi tu kunyamaza, na kimya cha watu wawili kikijaa nyumbani, mmoja hutafuta pa kutokea. Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni na mitumba, na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Marcelino akaenda Makambako kuuza mbao kwa watu wa malori. Mwanzo alirudi kila Jumamosi. Kisha mwisho wa mwezi. Kisha Krismasi, na kitenge mkononi.

Habari haikuchelewa kufika. Alikuwa na mwanamke kule, aliyeitwa Oktavia, mnunuzi wa maharage. Aliyanunua Mlangali, akayapakia kwenye lori, akayauza Makambako karibu na stesheni ya reli. Telesia alipanda basi siku moja kwenda kumwona. Alijiandaa kukuta mrembo wa mjini, mwenye nywele za dawa na kucha ndefu. Alikuta mwanamke mfupi, mnene kiasi, amekaa juu ya gunia akichambua mawe kwenye maharage kwa mikono miwili. Marcelino alipotokea, yule mwanamke alimmiminia chai, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga, akampa, bila kuuliza. Telesia aliyaona hayo akiwa nyuma ya kibanda cha viatu. Vile vijiko vitatu vilimuuma kuliko kitanda. Alirudi na basi lile lile, bila kumsalimu mtu.

Alibakiwa na faraja moja. Kila Siku ya Marehemu, wenzake wakiwa ndani na maua yao, yeye alizunguka michongoma kwenda kwenye kilima chake kisicho na jina. Na tangu miaka mitano hivi alikuwa akikikuta kimeshapaliliwa, kimezungushiwa mawe meupe. Alidhani ni Dorosela. Nani mwingine? Mama mkwe alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, na kumbe bado anakuja kuomba radhi kwa njia yake. Hawakuwahi kulizungumza. Lakini kwa ajili ya yale mawe Telesia alianza tena kumpelekea bibi yule sukari na kumfulia mablanketi, baada ya miaka mingi ya kumpa salamu za mlangoni tu.

Basi, Machi mwaka wa tisini na tatu, alasiri ya mvua, lori la maharage lilisimama mbele ya zahanati. Dereva alishuka mbio, akafungua mlango wa upande wa pili, akamteremsha mwanamke aliyejikunja. Telesia alitoka na khanga ya kumfunika, akamtazama usoni, na khanga ikabaki mkononi.

"Kamwene, dada," alisalimu Oktavia. Meno yalikuwa yanagongana. "Najua ni wewe. Nilimwambia dereva asisimame hapa, tufike Njombe, lakini maumivu hayanipi nafasi. Barabara imenitikisa. Sina pengine pa kwenda."

"Ya miezi mingapi?"

"Saba. Haijatimia vizuri."

"Ingia."

Tusimsingizie Telesia. Kazi ya mikono aliifanya yote. Alimlaza yule mwanamke, akamshika mgongo, akamwelekeza kupumua, hakumtolea neno la karaha hata moja, ingawa alikuwa nayo ya kutosha kujaza debe. Mtoto alitoka jua likiwa bado nyuma ya mawingu. Wa kiume. Mdogo wa kuenea viganja viwili. Alilia mara moja tu. Telesia alimfuta kinywa, akampulizia pumzi, akamviringisha kwa pamba, akamweka kifuani pa mama yake apate joto. Hakuna daktari wa Njombe wala wa Dar es Salaam ambaye angefanya zaidi kwa vifaa vile. Kisha akaona midomo inageuka rangi, na akajua. Alikuwa ameiona rangi ile mara mia moja na kumi na nne, na mara moja kabla ya hizo.

Mkono wake uliingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea. Vidole vikashika kizibo.

Hapo ndipo wivu wote wa miaka ishirini na mitatu uliposimama mbele yake, kana kwamba nao ulikuwa ukingoja zamu kwenye benchi la wagonjwa. Mtoto wa Marcelino. Kwa kijiko kimoja tu cha maji, mtoto huyu atampita kaka yake pale pembeni, hata kugeuka hatageuka, aingie moja kwa moja kwa Mungu. Huyu mchambua mawe, mwenye mume na vijiko vya sukari, atapata na mbingu pia. Wanawake watamshika mkono: utamwona, dada. Na mimi ndiye nimmwagie! Mimi ndiye nimfungulie mlango, kwa chupa yangu!

Na chini ya wivu huo kulikuwa na kitu kingine, kilichomtia aibu zaidi kukifikiria baadaye. Wangu yuko peke yake, alijiambia. Na apate mwenzake.

Aliutoa mkono mfukoni, mtupu.

"Dada," alisema Oktavia kwa sauti iliyochoka, "mbatize. Tafadhali. Naona hapumui vizuri."

"Tulia kwanza. Utavuja damu."

Telesia alikwenda upande wa pili wa chumba, akaanza kukunja vitambaa vilivyokuwa vimeshakunjwa. Alivikunjua, akavikunja tena. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nusu saa ni ndefu kuliko watu wanavyodhani; unaweza kubadili mawazo mara nyingi ndani yake, na yeye alibadili, na kila mara akageuka nyuma. Aliporudi kitandani pamba ilikuwa imetulia.

"Umembatiza?" aliuliza Oktavia.

"Sikuwahi."

Neno lilimtoka kwa sauti ya Dorosela, ile ile ya mwaka wa sabini. Alishtuka, akageuka kama vile kuna mtu nyuma yake.

Alivuka uwanja wa misheni kwa mvua kwenda nyumba ya mapadre. Yule Mzungu mzee alikwisha kufa siku nyingi, na Padre Tarsis, kijana wa huku huku, alikuwa amefika Krismasi iliyopita na pikipiki na masanduku mawili ya vitabu. Alimkuta anafuta matope kwenye spoki.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu ndani, mama, unalowa."

"Nipo sawa, Baba. Kuna mtoto amefariki. Hajabatizwa. Nimekuja kukuarifu tu. Nitamwambia mchimbaji achimbe kule nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya michongoma. Wanakolazwa wasiobatizwa."

Padre Tarsis aliweka kitambaa chini. "Mama Telesia, mtoto huyo atazikwa ndani. Nitakuja mwenyewe kesho asubuhi na vazi na maji ya baraka. Kengele italia."

"Hajabatizwa, Baba. Labda hukunisikia."

"Nimekusikia. Kuna sala zake kabisa, zimo kwenye kitabu, za watoto waliokufa kabla ya ubatizo. Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu. Tumeamriwa kubatiza, na tubatize, tusilegee. Sisi tumefungwa na maji. Lakini Mungu mwenyewe hakujifunga nayo. Unadhani Mungu atamkosa mtoto kwa sababu sisi tulichelewa?"

Habari njema ile! Mtu angetegemea mwanamke aliyeingoja miaka ishirini na mitatu apige magoti. Telesia alihisi kama amepigwa kofi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini Mungu amekuwa hivyo? Mimi wangu niliambiwa yuko pembeni mwa jehanamu. Niliambiwa hapa hapa, kwenye baraza hii. Nimekaa na hilo, nimelala nalo, nimezalisha wanawake nalo. Leo huyu wa Makambako anakuja na lori, mtoto wake hana hata tone la maji, na unamfungulia lango na kumgongea kengele! Wangu alikosa nini? Alikosa kuzaliwa wakati wa ruksa?"

"Mungu hajabadilika, mama," alisema padre. "Alikuwa mwema hivyo hivyo mwaka wa sabini. Ni sisi tuliokuambia vibaya. Mtoto wako hakuwahi kuwa pembeni mwa chochote. Hilo ndilo tumaini letu."

"Mlikosea."

"Naomba radhi."

"Radhi," alisema Telesia, akageuka akarudi mvuani. Hakulala vizuri. Jambo moja lilimzunguka kichwani: kama huyu padre anasema kweli, basi mwanawe hakuwa mpweke hata siku moja, hakuhitaji mwenzake, na alichokifanya alasiri ile kilikuwa cha bure kabisa. Hakikumpunguzia Oktavia kitu wala kumwongezea mtoto yeyote. Kilikuwa uovu mtupu, wake mwenyewe. Wema wa Mungu ulikuwa umemwacha mikono mitupu, akauchukia kwa hilo pia.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Dereva wa lori alikuwa amepeleka habari, na Marcelino alifika na basi la kwanza kutoka Makambako, ameinamisha kichwa, mvi zimemjaa. Alimpa mke wake mkono, akashindwa kumtazama. Dorosela alikuja na fimbo yake. Oktavia, aliyetakiwa kulala, alikataa kulala; alikuja amejifunga blanketi, amempakata mtoto ndani ya kitambaa cheupe. Kengele ililia. Kaburi dogo lilikuwa limechimbwa karibu na lango, udongo mwekundu umerundikwa pembeni. Telesia alisimama mbali kidogo, mahali pake pa siku zote.

Padre Tarsis alifungua kitabu. Oktavia akasema, "Baba, samahani."

"Sema, mama."

"Nashukuru kwa nafasi hii. Lakini naomba alazwe kule nje." Alionyesha kwa kidevu ng'ambo ya michongoma. "Kuna kaka yake kule. Amelala peke yake miaka yote hii. Namwomba dada hapa aniruhusu. Wakae wawili."

Telesia alisogea hatua moja.

"Wewe umejuaje kama kuna mtu kule?" aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu asubuhi.

Oktavia akamtazama Marcelino, naye akatazama viatu vyake. "Baba yao alinieleza. Yeye alikuwa anaogopa kuja, anasema atakutana nawe na hana la kukuambia. Kwa hiyo mimi nikienda Mlangali humwambia dereva asimame pale chini. Nashuka, napalilia kidogo, kisha naondoka. Mawe nilikuwa nayatoa kwenye maharage, yale meupe nayaweka kando. Makubwa niliokota barabarani. Usinichukie kwa hilo, dada. Sikutaka kukuvunjia heshima."

Telesia alimgeukia mama mkwe. "Si wewe?"

"Mimi?" alisema Dorosela. "Kwa magoti haya?"

Basi hata hilo. Hata kaburi, kitu pekee alichodhani ni chake na cha bibi mmoja mwenye majuto, lilikuwa limepaliliwa na Oktavia. Wivu ulimpanda Telesia, mkali kuliko wa sukari, kuliko wa mimba. Alitaka kupiga kelele kwamba hapana, asilazwe, huyu asiguse kitu changu tena. Lakini kitu hicho hicho, mtoto kando ya mtoto, ndicho alichokuwa amekiiba jana kwa kukunja vitambaa. Na mwenye mali alikuwa amesimama mbele yake, anavuja damu, anakitoa bure.

Padre Tarsis alimwita mchimbaji, akamwambia akate njia. Panga liliingia kwenye michongoma, matawi ya miiba yakaanguka, mwanya wa mtu mmoja ukapatikana. Kaburi la pili lilichimbwa upesi, maana udongo ulikuwa laini kwa mvua, hatua moja kutoka kwenye mawe meupe. Oktavia akaanza kutembea. Alipofika usawa wa Telesia, Telesia alimshika blanketi.

"Ngoja."

Alichomoa chupa ya kahawia kutoka mfukoni, akaishika wazi kiganjani, watu wote waione.

"Maji nilikuwa nayo," alisema. "Jana. Muda wote ule, kizibo kilikuwa mkononi mwangu. Sikutaka aende akamwache wangu."

Marcelino alitoa sauti isiyo neno. Dorosela alikaa chini palepale kwenye majani mabichi. Oktavia aliitazama ile chupa. Ilikuwa dhahiri kwamba Marcelino alikuwa amemsimulia habari yote ya Juni ile, ya kata na bakuli na kupuliza, kwa sababu aliuliza jambo moja tu, polepole, kama mtu anayetafuta kisingizio cha kumpa mwenzake.

"Yalikuwa ya moto?"

"Hapana," alisema Telesia. "Yalikuwa baridi."

Oktavia aliinamisha kichwa. Kisha akaondoa mkono wa Telesia kwenye blanketi lake, bila kuusukuma, akapita mwanyani na mtoto wake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakikwepa miiba. Marcelino alimpita mke wake kama mtu apitaye mti. Hata mchimbaji alipita. Telesia alibaki ndani, peke yake, katikati ya vilima vya watoto aliowapa majina.

Alisikia sala ikianza ng'ambo. Alisikia maji ya baraka yakidondoka kwenye udongo, mara moja, na tena mahali pa pili. Kisha sala ikasimama. Padre alikuwa anauliza kitu kwa sauti ya chini, na Marcelino anajibu kwamba hajui, halikuwekwa. Halafu sauti ya Oktavia ikaja kupitia mwanyani, kavu, imechoka, haina upendo ndani yake wala haikujifanya kuwa nao.

"Dada. Padre anataka jina la mkubwa. Njoo useme."

Telesia alitamani awe na moyo ule wa Oktavia. Aliutamani vibaya, kama alivyowahi kutamani mtoto, na alijua hana. Akauweka mkono mbele ya uso kukinga miiba, akapita.

"Timoth," alisema.